Gari la Okwera na Eda ya Rahima

Wiki iliyopita niliwaacha nikiwa nimekaa ndani ya gari lisilo langu, mbele ya nyumba ya shemeji yangu huko Kawempe, mkono ukiwa kwenye kitasa cha mlango. Baadhi yenu mmeniandikia kunihimiza nishuke. Nilishuka.

Kwa msomaji anayenikuta leo kwa mara ya kwanza, mambo ni haya. Ninaitwa Hamdun. Ninasahihisha vitabu vya shule katika ofisi moja ya Nakasero. Kazi yangu ni kutafuta makosa ya watu wengine, na kwa miaka kumi na minane nimeifanya vizuri kupita kiasi. Nilikuwa na mke, Rahima, muuza viungo katika soko la hapo hapo Nakasero. Kila asubuhi alishuka kilima cha Makindye kwa boda boda, na kila jioni alikipanda kwa boda boda, ana vumbi au ana tope kulingana na majira ya mwaka. Aliomba tununue gari. Hakusema gari gani.

Mimi ndiye niliyesema. Niliamua kwamba litakuwa gari dogo la Ulaya, la mtumba, lenye turbo. Sababu ilikuwa moja. Tulipokwenda kwenye harusi Old Kampala, Rahima alipandishwa katika gari la namna hiyo, akafumba macho, akasema tangu azaliwe hajawahi kutoisikia Kampala namna ile. Nililichukua neno lake kama agizo, nikaenda kusoma. Nilisoma kwa miezi kumi na minne: mafuta ya injini, joto la turbo, spea, uvumilivu wa gari la namna hiyo katika foleni ya Kibuye.

Jioni moja ya mvua alirudi ameloa hadi kwenye mifupa. "Nunua hata toroli, Hamdun," alisema. Nikaanza kumweleza kwa nini uamuzi kama huo hauharakishwi. Akacheka. Nikatamka talaka. Moja.

Wasomaji wasio Waislamu wajue kwamba talaka moja haibomoi nyumba siku hiyo hiyo. Mke hukaa eda, kwa kawaida karibu miezi mitatu, na ndani ya muda huo mume anaweza kumrudisha kwa neno moja tu: nimekurejea. Hahitaji mahari mpya wala harusi. Neno linaweza kusemwa mlangoni, linaweza kusemwa kwa simu. Shafiq, kaka yake Rahima, alipokuja kumchukua dada yake alinikumbusha hivyo akiwa bado kizingitini.

Nililiweka neno hilo kama mtu anavyoweka nguo ya Idi. Nilitaka kulipeleka kwa gari.

*

Asubuhi ya siku ya sabini na moja tangu talaka nilikuwa gereji kwa Concy, Makindye, mtaa wa pili kutoka kambi ya jeshi. Concy ni binti wa mwanajeshi, amezaliwa na kukulia kambini, na hakuna injini inayomtisha. Gari lilikuwa la Okwera, polisi mstaafu, aliyelinunua kwa mzungu wa ubalozi aliyekuwa akirudi kwao.

Okwera humwita mwalimu kila mtu aliyevaa miwani, na akimhurumia humwita ssebo, yaani bwana.

"Mwalimu," alisema, "hii ni mara ya tano unakuja kuona hii gari. Mimi bibi yangu niliona mara mbili, nikaoa. Na bibi hapana kuwa na spea."

Sauti ya Concy ikatoka chini ya boneti. "Afande, wacha yeye. Huyu mzee hatafuti gari. Yeye anatafuta sababu."

"Nimeuliza jambo la kawaida," nilisema. "Nataka kujua hali yake."

Akainuka, akafuta mikono kwa kitambaa. "Hali yake? Turbo iko mzima. Oili hapana mwagika. Cheni ya injini hapana piga kelele. Kompyuta yake nimesoma mara mbili, hakuna kosa."

"Hakuna hata moja?"

"Unataka mimi nitengeneze moja?"

Okwera alicheka hadi akashika nguzo ya gereji. Mimi nilisubiri amalize.

"Kwa matumizi ya kila siku," niliendelea, "Makindye hadi Nakasero, kwenda na kurudi, foleni, jua, mashimo. Itavumilia?"

"Itavumilia, kama wewe mwenyewe una moyo. Oili mzuri, badilisha mapema. Ukifika, usizime injini saa hiyo hiyo. Kaa dakika moja, turbo ipoe, ndiyo uzime. Ni hiyo tu. Watu wanaogopa hii magari kama simba, kumbe inataka dakika moja."

"Basi unachukua?" Okwera aliuliza.

"Naomba nilijaribu kwa safari ndefu kidogo. Kawempe na kurudi."

"Kawempe kuna nini?"

"Kuna mke wangu."

Okwera aliacha kucheka. Alinitazama kama polisi anavyomtazama mtu aliyekiri jambo ambalo hakuulizwa, kisha akaniwekea ufunguo mkononi.

"Ungesema hiyo siku ya kwanza, ssebo. Ningekupa gari siku ya kwanza. Enda. Leta bibi. Habari ya gari tutaongea."

Niliendesha polepole. Sikuisikia Kampala. Nilipofika nikakaa dakika moja ili turbo ipoe, na hapo ndipo niliwaacha wiki iliyopita.

*

Shafiq alifungua mlango kabla sijabisha. Ni mwalimu wa madrasa. Sauti yake haipandi hata anapokasirika.

"Karibu, Bwana Hamdun."

Kwa miaka tisa ameniita shemeji. Nililisikia pengo hilo, nikalipita.

"Nimekuja kumrejea mke wangu," nilisema.

"Huna mke hapa."

"Shafiq, leo ni siku ya sabini na moja. Eda haijaisha."

"Imeisha. Iliisha siku ya thelathini na nane."

"Hiyo ni hesabu ya kitabu gani?"

"Kaa chini kwanza."

Sikukaa.

"Wewe ni msomaji," alisema. "Mwanamke mwenye mimba, eda yake humalizika lini?"

Nilijibu haraka, kama mwanafunzi anayetaka kusifiwa. "Anapojifungua." Kinywa kilikwisha kumaliza sentensi ndipo akili ikaisikia.

Sasa nikakaa.

Shafiq alisimulia bila kupamba. Rahima alipoondoka kwangu alikuwa mjamzito, naye hakujua. Siku zake zilipochelewa alidhani ni majonzi. Wiki ya tano ya eda kliniki ikamwambia kwamba mimba imepita miezi miwili. Siku tatu baadaye alikuwa kwenye boda boda akienda sokoni. Hapo Bwaise, njiani kutoka Kawempe, palikuwa na maji, na chini ya maji palikuwa na mtaro usiofunikwa. Gurudumu la mbele likazama. Yeye akaangukia tumbo.

"Alijifungua siku ile ile," Shafiq alisema. "Kilichokuwepo cha kuzaliwa kilizaliwa. Nilikizika mimi, nimekifunga katika kipande cha leso yake."

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Alinikataza. Kabla ya ajali alisema: akija, na aje kwa ajili yangu, asije kwa ajili ya tumbo. Baada ya ajali hakusema kitu. Nami nikaona hapana tena cha kukuambia, kwa kuwa haki ya kumrejea ilikwisha kukutoka."

Ninatembea na daftari. Ndani yake nimeandika kila hatua ya kulifikiria gari hili. Nilifungua siku ya thelathini na nane. Iliandikwa kwa mkono wangu, mwandiko mzuri: "Jumamosi. Kwa Concy. Nimesikiliza turbo injini ikiwa ya moto. Mlio laini. Nirudi kuthibitisha."

Nililifunga.

Nimeahidi kukiri katika safu hii, basi nakiri. Mtu mwingine angelia. Mimi nilikumbuka mlango mmoja katika vitabu vya fiqhi, elimu ya sheria za dini. Mimba ikitoka kabla ya umbo la mtu kuonekana, wako wanavyuoni wasioihesabu kuwa uzazi. Eda inaendelea. Na kama eda inaendelea, basi nina siku kumi na tisa, na nina neno langu.

"Nani aliona umbo?" niliuliza.

Shafiq hakuelewa. "Umbo la nini?"

"Mkunga wa kliniki alikuwa na hakika? Ushahidi wa mtu mmoja katika jambo kama hili..."

Pazia la chumba cha ndani likasogea.

Rahima alikuwa amekonda. Alikuwa amevaa gauni la kazini, na harufu ya iliki ilitoka naye kama ilivyokuwa ikitoka naye kwetu. Hakuketi. Alisimama karibu na kaka yake, mbali nami, kama sheria inavyotaka mwanamke asimame mbele ya mwanamume ambaye si wake.

"Mkono wa kulia ulikuwa na vidole vitano," alisema. "Wa kushoto ulikuwa umefumba. Sikuufumbua. Una swali jingine?"

Nililirudisha daftari mfukoni.

Shafiq alitazama sakafu.

"Lile gari la nje ni lako?" Rahima aliuliza.

"Bado. Ninalijaribu."

"Hata leo?"

"Concy amelikagua lote. Halina kosa hata moja." Mungu ni shahidi kwamba nilisema hivyo, wakati ule, mbele ya mwanamke yule.

"Nafurahi kwa ajili yake," alisema Rahima.

"Rahima, nilitaka nikujie na jambo la maana."

"Ulikuwa nalo. Ulikuwa nalo kinywani." Sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu aliyekwisha kulia mahali pengine. "Nililala na simu chini ya mto, Hamdun. Kila ilipolia nilijua ni wewe. Ilikuwa kampuni ya simu ikinitangazia vifurushi. Ungepiga usiku wa manane ningepokea. Ungemtuma mtu baki angetosha. Hata ungeandika makosa ningesoma, wewe unayesahihisha ya wenzako."

"Ningekuwa na gari siku ile, usingepanda boda boda."

"Ungenirejea siku ya pili, nisingekuwa Kawempe. Njia ya Makindye haipiti Bwaise. Sikuhitaji gari. Nilihitaji kutoka nyumbani asubuhi nikijua kuna mtu atakayeniona nikirudi jioni. Nilipoomba gari nilidhani ndilo jambo jepesi zaidi ninaloweza kukuomba."

Nilimwuliza Shafiq nifanye nini. Sikuthubutu kumwuliza Rahima.

"Ni wazi kama jua," alisema Shafiq. "Hilo la kurejea limekwisha. Iliyobaki ni ndoa mpya: mahari mpya, mashahidi, na ridhaa yake. Ukitaka, njoo kama wanavyokuja waposaji wote, na mzee wa kukusemea. Nitakaa kupokea posa kesho baada ya swala ya Ijumaa. Lazima nikuambie kwamba ipo moja tayari."

"Ya nani?"

"Ya mtu aliyesimamisha gari lake siku ile," alisema Rahima. "Wengine walipita. Yeye alisimama."

Alichukua mkoba wake mezani. Aliponipita mlangoni alikaza nguo yake isiniguse, akaita boda boda kwa mkono, akapanda upande upande kama alivyozoea, akaenda kazini. Boda boda ikalipita gari la Okwera bega kwa bega. Hakulitazama.

*

Katika ukoo wetu mtu hajiposei. Hata awe na mvi, hata awe anamposa mwanamke aliyewahi kumpikia kwa miaka tisa, hana ruhusa ya kujisemea. Husemewa. Na kwetu anayesema ni mmoja: ami yangu Swaibu, ndugu mdogo wa marehemu baba, aliyenilea tangu nikiwa darasa la tatu. Babu zake waliingia Kampala na vitambaa kutoka pwani. Yeye anauza vitambaa hadi leo, lakini watu humfuata kwa ajili ya ulimi wake. Ndiye aliyeniposea Rahima mara ya kwanza. Alizungumza nusu saa, na kina mama wa pande zote mbili walifuta machozi.

Nilimpigia nikiwa nimekaa ndani ya gari.

"Ami, nakuhitaji kesho."

"Kesho Ijumaa," alisema.

"Baada ya swala. Kawempe, kwa Shafiq."

Nilimsikia akiweka mkasi mezani.

"Hamdun, mwanangu. Kesho baada ya swala nitakuwa Kawempe, kwa Shafiq."

"Alhamdulillahi. Kumbe ameshakueleza."

"Nitakuwa pale kumsemea mwingine."

Nilitoa simu sikioni nikaitazama, kana kwamba ndiyo iliyokosea.

"Ni mtu wa Bwaise, muuza mabati," ami aliendelea. "Amefiwa na mke, hana mtoto. Alisimamisha pikapu yake katika maji, akambeba Rahima hadi kliniki, akarudi kuokota mifuko ya iliki iliyokuwa ikielea. Aliifikisha sokoni imekaushwa. Mwezi baadaye akaja dukani kwangu."

"Ulijua, ami? Habari ya mtoto?"

"Nilijua. Niliapishwa, kama Shafiq."

"Na bado ukakubali kumsemea?"

"Sikukubali siku ile. Yeye mwenyewe aliniuliza kwanza habari zako. Alisema: huyo ni mwanao, kama bado anamtaka mkewe, mimi nakaa kando, na tusizungumze tena. Ni maneno yake."

"Ukamjibu nini?"

"Nilimjibu kweli. Nilimwambia kwamba tangu umtoe mkeo umenipigia simu mara kumi na moja, na mara zote kumi na moja tumezungumza habari za turbo."

Alikuwa sahihi. Kama angekosea hata mara moja ningemsahihisha.

"Sikiliza sasa," alisema, na sauti ikawa ile ya zamani, ya mtu aliyenifungia kamba za viatu. "Sijamsemea bado. Mpaka nifungue kinywa mbele ya Shafiq, hakuna kilichofungwa. Kwa hiyo nakuuliza wewe niliyekulea. Unamtaka Rahima? Ukisema ndiyo, nainuka hapa nilipo, nakwenda kwa yule mtu, namwambia akae kando. Atakaa. Kesho nitakusemea wewe, nami nitasema kama sijawahi kusema. Ukisema hapana, sitakulaumu. Ila sitaki maelezo, Hamdun. Nimeshiba maelezo yako. Nataka neno moja, na nalitaka sasa."

Nataka mniamini kwamba nililijua neno lenyewe. Lilikuwa pale pale, limekomaa, halina kosa hata moja.

Lakini nilimwona mtu yule katika maji, suruali imekunjwa, akikusanya iliki ya mwanamke asiyemjua. Nikaona mkono mdogo uliofumba, ambao Rahima hakuufumbua, nami ningeufumbua ili nihakikishe. Nikajiuliza kama neno langu la ndiyo litamfaa Rahima au litanifaa mimi. Nikajiuliza ni haki gani niliyonayo ya kumweka kando mtu aliyesimama. Nikajiuliza kama ninamtaka Rahima, au ninataka tu nisiwe nimekosea.

Yalikuwa maswali mazuri. Katika maisha yangu sijawahi kupungukiwa na maswali mazuri.

"Hamdun?" alisema ami.

"Ami," nikasikia sauti yangu ikisema, "nipe hadi asubuhi."

Hakunikemea. Ingekuwa nafuu angenikemea. Nilimsikia akivuta pumzi, kisha nikamsikia akimwambia mtu wa dukani ampe viatu na fimbo yake, na kwamba duka lifungwe, yeye anatoka.

"Ami, sijasema ndiyo wala hapana. Unakwenda wapi?"

Simu ilikuwa imekwisha kukatwa.